Kura na Kula

Jumatatu, 9 Machi
Kapteni katupa neno jipya la siri: kura. Eti wale wa ng'ambo ya mpaka hawaijui r, wote husema "kula". Atakayesema "kula" getini apigwe risasi, basi. Akajichekea kwa werevu wake!
Nikamtazama shemeji. Mume wa dada yangu, tuko kikosi kimoja. Huyu naye r hajakutana nayo tangu azaliwe. Hata risasi zake ni "lisasi". Jioni nimemfundisha nyuma ya choo. Sema rrr. "Lll." Lo, nimekoma!

Jumanne, 10 Machi
Wametuvamia asubuhi. Kombora limekiangukia kibanda cha pasipoti, mihuri imetapakaa kote. Shemeji akatoka handaki la mbele, anakimbilia getini. Mlinzi: nani? "Kula!"
Mpishi akadhani watu wanataka chakula. Katoka na sufuria la maharage, kofia ya chuma kichwani, anauliza sahani ziko wapi. Pande zote mbili zikaacha kupiga! Shemeji akapenya hapohapo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakumbuka: mlinzi alikuwa keshakoki bunduki.
Nimemwomba Kapteni abadilishe neno. Kasema amri si nguo, haibadilishwi kila siku.

Jumatano, 11 Machi
Kimya. Dada kapiga simu, inakatikakatika. Mume wangu mzima? Mzima. Basi mrudishe hivyohivyo, la sivyo usikanyage kwangu.
Hatanii yule.

Alhamisi, 12 Machi
Ukungu mzito, hata geti silioni vizuri. Risasi zinatuishia. Kapteni kamtuma shemeji nje, kwenye bohari ya forodha, alete sanduku. Peke yake! Mimi nimelilia zamu ya getini mpaka nikapewa. Heri niwe mimi kuliko yule mlinzi wa juzi.
Wameanza tena kupiga. Naandikia juu ya gunia la mchanga. Kapteni kasimama mgongoni kwangu.
Nyayo. Nani?
"Kula!"
Piga, anasema Kapteni.
Ni shemeji yangu, afande.
Una hakika?
Sina. Sauti ina mafua, na yeye ana mafua, lakini kwa baridi hii nani hana? "Kula!" tena, karibu zaidi. Kidole kimekataa kabisa. Mdomo ndio umefyatuka: "Karibu!"

"Asante!" wamejibu. Wengi.