Shangazi, Kulikuwa na Sentensi Moja ya Uongo

Kwako Shangazi, uliyehama Flemingdon Park, hapa Toronto, ukaniachia mkebe wako wa biskuti,

Nimekutumia ujumbe mara tatu nikikuomba ruhusa ya kuandika barua hii hadharani, kwa sababu nilikukosea hadharani. Mara zote tatu niliona umesoma, na mara zote tatu ulinyamaza. Wiki iliyopita binti yako alinipigia simu. Alisema uko naye jikoni unamenya viazi, hutaki kushika simu, ila umemtuma neno. "Anasema uandike," akaniambia. "Lakini anasema safari hii uandike yote."

Basi nimekaa kwenye meza yetu ya jikoni, ghorofa ya kumi na moja, na nitajaribu kuandika yote. Jina lako sitalitaja, wala mji uliohamia. Najua nimechelewa kuwa mwangalifu.

Unakumbuka nilipokuwa nasomea uandishi wa habari jioni? Somo lililonitoa jasho lilikuwa sheria, na hasa sheria za Marekani, maana mwalimu alisema wengi wetu tutaishia kuandikia magazeti ya ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo afadhali tujue ya kule kama ya huku. Nilijiandikia maswali kwenye vikaratasi nikakupa unitahini. Wewe ulikuwa unasukuma chapati, na hadi leo vile vikaratasi vina alama za unga. Ulijifanya hakimu, ukashusha miwani, ukakunja uso.

"Mtu anasema amechafuliwa jina. Haya, nijibu."

Nikajibu kwamba kule Marekani mara nyingi ni yeye anayelalamika atakayetakiwa kuonyesha kwamba yaliyosemwa ni uongo, ilhali huku Kanada aliyeandika ndiye hubeba mzigo wa kuonyesha kwamba ni kweli. Ukasema Wamarekani wamewapangia wapenda maneno mambo mazuri sana. Tukacheka. Kikaratasi kilichofuata kilihusu faragha: je, siri ya mtu ikichapishwa, na ni kweli tupu? Nikajibu kama nilivyokariri, kwamba sheria itauliza kama jambo lenyewe linauhusu umma, na kama linauhusu, mwandishi ana uhuru wake.

Ukaacha kusukuma chapati. Ukaniuliza, "Huyo umma ni nani, na anataka nini kwangu?"

Nilikuambia swali hilo halimo kwenye mtihani. Nilifaulu vizuri, ukatangaza kanisani kama mimi ndiye niliyetunga hizo sheria. Kilichonishinda ni kusikia kwamba ulisema "kwangu".

Na sina kisingizio cha kusema sikujua siri yako. Nilikuwa nimejua tangu majira yangu ya baridi ya kwanza, siku ile niliposahau ufunguo. Nilipanda basi la Don Mills nikaja hospitalini kwako kuuchukua wa kwako. Nikaulizia mapokezi: nesi fulani, Mkenya, mrefu, ana mwanya. Wakatafuta kwenye orodha wasikuone. Nikapelekwa wodi moja, nikapelekwa nyingine, kila mahali wananitazama kwa huruma, mpaka mfagiaji mmoja akasema labda ni yule mama wa kule chini. Nikashuka. Nikakukuta kwenye chumba cha kufulia, umefunika nywele kwa wavu, unavuta shuka zilizolowa kutoka kwenye mashine kubwa kuliko jiko letu.

Hukushtuka. Ulijifuta mikono, ukatoa ufunguo mfukoni, ukanipa. "Sasa umeniona," ukasema. "Haya yabaki huku huku chini."

Nikasema, "Naahidi, Anti."

Jioni ulinieleza bila kulalamika. Nyumbani ulikuwa nesi miaka kumi na minne, nesi wa kweli, mwenye cheti na kofia. Ulipofika huku wakataka barua kutoka chuo chako, barua ikachukua miaka, ilipofika wakasema urudie masomo, na wakati huo ulikuwa na mtoto wa kulea peke yako. Kazi ya shuka ilikuwepo siku hiyo hiyo. Kanisani hukudanganya mtu. Watu wa nyumbani walikuwa wanakuita Sista tangu zamani, kama wauguzi wanavyoitwa, wa huku wakapokea, nawe ukaitika. Basi.

Na kila Jumapili baada ya ibada ulishuka nao ukumbini, ukafungua mkebe wa biskuti uliokuwa na ile mashine ya presha, na akina mama wakapanga foleni wakiwa wamekunja mikono ya nguo. Ulikuwa na daftari. Uliwagombeza juu ya chumvi. Mama mmoja ulimwambia asingoje hata kesho, akamwone daktari wake siku hiyo hiyo, naye mpaka leo husema ulimwokoa. Nilikuwa nakutazama nikiona raha, na tayari nilikuwa nakuandika kichwani. Hilo nalo liingie kwenye yote uliyoyataka.

Gazeti moja la Marekani, la mtandaoni, lilikuwa linatafuta habari za wageni wenye vyeti wanaofanya kazi zisizo zao. Nikawapelekea wewe. Nilikubadilisha jina, nikajiona nimemaliza kazi ya kukuficha. Lakini mkebe wa biskuti niliuacha humo kwenye habari, kwa sababu ulikuwa mzuri. Niliacha humo ukumbi wa kanisa, daftari, mwanya, jengo letu linalotazama bonde la mto Don. Kanisa zima lina wanawake wangapi wanaopima presha kutoka kwenye mkebe wa biskuti?

Kabla ya kuchapisha, mwanasheria wa gazeti alinipigia. Wewe ulikuwa jikoni. Ulinisikia nikiongea Kiingereza kwa adabu nyingi, ukadhani nahojiwa kazi, ukaingia kwa kunyata ukaniwekea chai, ukaniinulia kidole gumba. Akaniuliza kama kila kitu ni kweli. Nikasema ndiyo. Akasema basi hakuna kashfa hapo. Akauliza kama mambo haya yanauhusu umma. Akajijibu mwenyewe kwamba wageni kunyimwa kazi walizosomea ni jambo la umma kabisa. Kisha akauliza swali la mwisho, taratibu. Huyu mama, uliwahi kumwahidi kwamba hutasema?

Nilikuwa nimeshika kikombe chako. Nikasema hapana.

Ilichapishwa siku ya Alhamisi. Mpaka Ijumaa ilikuwa imezunguka kundi zima la kanisa kwenye simu, na watu wakanipongeza. Nilifurahi, Shangazi. Nilikaa kwenye basi nasoma pongezi nikitabasamu kama mjinga. Wewe hukusema lolote, nami nikajiambia pengine hujaisoma.

Jumapili ulibeba mkebe kama kawaida. Ulikaa ukumbini, ukafungua daftari, ukaipanga kalamu. Hakuna aliyekunja mkono wa nguo. Wala hawakuwa wabaya, na hilo ndilo linaloniuma. Wangekuwa wabaya ningepata wa kugombana naye. Walikuja mmoja mmoja kukukumbatia. Mmoja alisema ungewaambia mapema wangekusaidia kutafuta kazi nzuri zaidi. Mwingine akakupa pole, kana kwamba umefiwa. Na wote, bila kuambiana, waliacha kukuita Sista. Wakaanza kukuita Mama.

Tulirudi nyumbani kwa basi. Mlangoni, ukiwa bado na koti, ndipo ukaniambia maneno ambayo tangu hapo naamka nayo kila asubuhi.

"Nimeisoma mara mbili nikitafuta uongo. Ungedanganya ningejitetea. Sasa nitajitetea na nini?"

Mwezi haukuisha ukahamia kwa binti yako. Ulipakia kila kitu, hata sufuria iliyotoboka, ila mkebe uliuacha mezani.

Niliwaandikia wale wa gazeti waiondoe. Mhariri, mtu mpole, alijibu kwamba hawaondoi habari za kweli. Kama kuna kosa watalisahihisha chini ya ukurasa kwa furaha. Nionyeshe tu, akasema, ni neno gani la uongo. Nikaifungua habari yangu nikaisoma ulivyoisoma wewe, nikitafuta uongo. Nikaupata haraka sana, kwa sababu nilijua nilikouweka.

Aya ya mwisho inasema: "Tangu afike Toronto hajamuuguza mtu hata mmoja." Niliipenda sentensi hiyo. Mhariri aliisifu. Nami wakati naiandika nilikuwa najua si kweli.

Kwa hiyo sasa niandike yale mengine. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wangu wa pili hapa. Nilikuwa na mimba ya miezi minne ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mwanamume aliyekuwa ameshaacha kupokea simu zangu. Ulinikuta sakafuni bafuni. Hukuuliza ni ya nani. Uliniwekea vidole kwenye kifundo cha mkono ukatazama saa, ukaleta mashine, ukanifunga mkanda, ukapima, ukapima tena, ukaita teksi. Kule hospitali walitaka nikae kwenye kiti ningoje zamu. Ukasimama mbele ya yule nesi wa mapokezi, ukamtajia presha yangu ya nyumbani, mapigo ya moyo, saa damu ilipoanza na kiasi nilichopoteza. Akaacha kuandika akakutazama. Akakuuliza kama wewe ni nesi.

Ukasema, "Ndiyo."

Sijakusikia ukilisema kabla ya hapo wala baadaye. Waliniingiza dakika ile ile. Daktari aliniambia baadaye kwamba tungengoja zamu, pengine mazungumzo yangekuwa mengine.

Mimba iliharibika. Ulichukua likizo yako yote ya mwaka ukaniuguza siku kumi. Ulinipa uji kwa kijiko, ulinibadilishia shuka, ulinipima joto asubuhi na jioni ukiandika kwenye lile daftari la presha, mimi nikiwa kwenye ukurasa wangu peke yangu. Na baba alipopiga simu kutoka Nyeri, kaka yako mwenyewe, mzee wa kanisa, ulimwambia nina mafua. Sikukuahidisha kitu. Ulinyamaza tu, miaka yote hii.

Habari yangu haikuwa na siku hizo kumi. Nilipokuwa naandika nilizitoa, nikasema moyoni kwamba hayo ni mambo yangu binafsi, hayauhusu umma. Nilijua kuipima faragha kwa makini sana ilipokuwa ya kwangu. Naona aibu kuandika hivi, lakini ulisema yote.

Nimefanya mambo matatu, nakuarifu. La kwanza, nilimpigia mwanasheria nikamwambia nilidanganya, kwamba niliahidi. Akasema ahadi ya namna hiyo hata mahakama za kule zinaweza kuiheshimu, na kwamba angejua angeshauri vingine. Kwa hiyo nakuandikia hapa waziwazi: niliahidi, chini kule kwenye chumba cha kufulia, kwa mdomo wangu. Ukitaka kunishtaki, mpelekee wakili wako barua hii. Sitabisha.

La pili, niliomba masahihisho. Mhariri akataka ushahidi, kama anavyopaswa. Nikamtumia karatasi zangu za hospitali, na picha ya ukurasa wangu kwenye daftari lako, lililokuwa ndani ya mkebe chini ya mashine. Mwandiko wako umenyooka vilevile siku zote kumi.

La tatu nililifanya kabla masahihisho hayajatoka, kwa sababu nilijua yatafika Nyeri. Nilimpigia baba nikamweleza kila kitu. Kisha akauliza siku hiyo nilikuwa na nani. Nikamwambia nilikuwa na wewe.

Akavuta pumzi. "Basi ulikuwa na nesi," akasema.

Masahihisho yametoka jana, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Nakunakilia yalivyo: "Awali makala hii ilisema kwamba mwanamke huyu hajamuuguza mtu yeyote tangu afike Toronto. Hiyo si kweli. Alimuuguza mwandishi." Ni machache, na yale mengine yote bado yako juu yake, na yatakaa. Sikuombi unisamehe kwa ajili ya mistari mitatu.

Mashine yako naitunza. Leo Jumapili mama yule uliyempeleka kwa daktari alinisimamisha ngazini, akanyoosha simu yake kunionyesha kwamba ameyasoma. Akauliza Sista atarudi lini. Nilimwambia sijui, lakini nitauliza.

Nimeuliza.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, mgonjwa wako wa Toronto.