Siku Niliyotoka Kituoni

Kituo cha Afya,
Ushirombo.

Mke wangu Mama Zuhura,

Salamu zangu zikufikie hapo Ngamiani, wewe na watoto, na mama nampa shikamoo yake hapa hapa kabla sijasahau. Barua yako nililetewa na kondakta wa basi la Kahama. Nimefurahi kusikia mguu wa mama umepungua uvimbe. Akikaa auweke juu ya kigoda, na chumvi apunguze, hata kama atanuna. Mimi sina homa wala kikohozi. Nakula kinachopikwa, na usingizi ukija nalala.

Uliuliza nakuja lini. Sitakuja, Mama Zuhura. Likizo yangu imefutwa. Nimekaa na kalamu siku kadhaa nikitafuta namna nzuri ya kukueleza, sikuipata, basi nakueleza hivi hivi.

Unakumbuka serikali ilipowakataza watu binafsi kutibu kwa malipo, tukafunga zahanati yetu, nikaletewa mkataba wa kazi ya serikali. Mimi nilitia saini tu. Wewe ndiye uliyeusoma, umekaa pale dirishani ulipokuwa ukiwapokea wagonjwa, ukaniambia, "Baba Zuhura, hapa wanasema hutatoka kituoni bila ruhusa, wala bila mtu wa kushika nafasi yako." Nikakujibu kwamba hayo ni maneno ya makarani.

Kule Tanga nilikuwa daktari wa nyumba za watu. Mtu akiugua Chumbageni au Mabawa nabeba mkoba wangu, naenda, nakaa kitandani kwake, nakunywa na chai yao. Huku hilo limekatazwa. Mgonjwa ndiye anayekuja, daktari hamfuati mtu kwake. Mwanzoni kanuni hiyo iliniudhi, kisha nikaizoea.

Siku yenyewe walikuja wachimbaji wawili na baiskeli, adhuhuri, wamejaa udongo mpaka kwenye kope. Hawa huchimba dhahabu kwa kujificha, huko upande wa Geita, katika mashimo wanayoyaita maduara. Duara lao lilikuwa limebomoka.

"Mleteni mgonjwa," niliwaambia.

"Haleteki, daktari. Mguu umebanwa chini ya jiwe. Tukimvuta anazimia, tukimwacha damu inamwishia."

Landrova ya kituo ilikuwa wilayani. Simu ya posta ilikuwa haishiki tangu mvua zianze. Nikamtazama Sista Veronika, muuguzi wetu, mama mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa.

"Ukingoja ruhusa, huyo watamzika," akasema. "Nenda. Mimi nipo."

Nikachukua vifaa na sindano za ganzi, nikapanda nyuma ya baiskeli.

Nilimkuta mzima. Wenzake walinishusha kwa kamba, nikamkata mguu chini ya goti, mle mle shimoni, mmoja wao akinishikia taa ya karabai. Ni kijana mwenye nguvu, moyo wake ulistahimili. Tulipomtoa, wale wanaume walinishika mikono wote, mmoja mmoja, wakisema wabeja, wabeja, ndiyo asante ya Kisukuma. Nakiri nilijisikia kama zamani. Kisha mvua ikanyesha, mto ukajaa, ikabidi nilale huko huko mpaka maji yapungue.

Niliporudi kesho yake, Sista Veronika alikuwa amekaa kizingitini. Hakuinuka.

Jioni ile baada ya mimi kuondoka, alikuja mfugaji mmoja anaitwa Masanja, amembeba binti yake Kulwa. Mtoto alikuwa na malaria kali na degedege. Alihitaji kwinini kwa dripu, tena upesi, na mishipa yake ilikuwa imelala. Sista alijaribu mikono yote miwili na miguu. Hakuupata mshipa. Alimchoma sindano ya paja, akamkanda maji, akamwombea. Mtoto akafariki mapajani mwa baba yake.

Mke wangu, mishipa ya watoto ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Unajua wewe.

Mganga wa Wilaya alikuja na karani wake, wakakaa chumba cha kupokelea wagonjwa. Si mtu mbaya. Aliniuliza kama nilikuwa na ruhusa, nikasema sikuwa nayo. Aliuliza nilimwacha daktari gani, nikasema sikumwacha yeyote. Akavua miwani.

"Daktari, wewe unadhani kanuni hii tuliiweka kukutesa?"

"Hapana, mzee."

"Tuliiweka kwa sababu ya siku kama ile."

"Na yule wa shimoni je?" nikamuuliza. Sikuuliza kwa ubishi. Nilitaka kujua kweli.

Akairudisha miwani usoni. "Yule angekufa," akasema. "Na wewe ungekuwa huna kosa."

Masanja alikuwa amekaa kwenye benchi, fimbo yake ya kuchungia kati ya magoti. Wakamuuliza kama ana la kusema. Akaniangalia mimi, si wao.

"Ungekuwepo, Kulwa angepona?"

"Huenda," nikasema.

Karani akainua kichwa. "Niandike huenda?"

"Andika," akasema Mganga wa Wilaya.

Nikapewa onyo, likizo ikafutwa, na nikaambiwa kama mkataba umenishinda naweza kuandika barua ya kuacha kazi, hawatanizuia. Nilitia saini walipotaka nitie. Sikulia, wala sikukasirika. Tangu siku ile nipo kama fizi iliyochomwa ganzi: naigusa, najua ni yangu, haiumi. Chakula kinaingia tu. Kijana wa shimoni alikuja na magongo yake kunishukuru, akaniletea jogoo, na zawadi nazo tumekatazwa. Nikamwambia amrudishe. Aliondoka amenuna, na mimi sikuhisi chochote, hata aibu.

Nilianza kweli kuiandika ile barua ya kuacha kazi.

Juzi asubuhi Masanja akaja tena. Kulwa alikuwa na pacha wake, Doto. Homa ile ile. Niliwaona wakivuka uwanja, nikadhani atampeleka kwa Sista, au atanipita aende Kahama. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, akamlaza.

Sikusema pole, hakuna pole ya kumpa mtu kama yule. Nikamwambia amshike kichwa. Mkono wa kulia hakuna mshipa, wa kushoto hakuna. Nikanyoa nywele kidogo juu ya sikio, nikaupata pale. Kwinini ikaanza kushuka. Masanja aliitazama ile sindano muda mrefu.

"Ndio huo mshipa?"

"Ndio huo."

"Sista hakujua kama upo kichwani."

"Anajua. Hajawahi kuuchoma peke yake."

Akatikisa kichwa taratibu. Halafu akaniuliza, "Kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Na kesho kutwa?"

"Nitakuwepo, Masanja."

Doto amefumbua macho leo, anataka maziwa. Nilitegemea nitafurahi. Nimeosha mikono tu, nikamwita mgonjwa mwingine. Lakini barua ya kuacha kazi nimeichana, na ndilo nililotaka ulijue kutoka kwangu. Sasa kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajawa wengi, namfundisha Sista Veronika mshipa wa kichwani. Mkono wake unatetemeka bado. Wangu hautetemeki, sijui kwa nini.

Zuhura mwambie asome, asinisubiri sikukuu. Shemeji yangu fundi cherehani, kaka yako, namshukuru kwa kuwasimamia, aendelee hivyo hivyo. Jirani yetu wa mlango wa bluu, yule mama wa maandazi, mpe salamu, na umkumbushe dawa ya presha anywe hata siku anayojisikia mzima. Wagonjwa wetu wa zamani wakikuuliza, sema nipo kazini.

Usiniandikie pole, Mama Zuhura. Niandikie bomba la uani limetengenezwa au bado, na mama amenuna kiasi gani kwa ajili ya chumvi. Andika ndefu.

Mume wako,
Baba Zuhura