Mumbua alipokwenda steji kumtafuta baba yake

Alhamisi, Julai. Baridi ya kuuma masikio, na jua halijaonekana Machakos siku nne sasa.

Leo nimeumbuliwa na mtoto wa miaka sita.

Mume wangu ni mwanajeshi. Mwezi wa nne alipelekwa Sudan kulinda amani. Mumbua, kifungua mimba wetu, nilimwambia baba ameenda kazi Mombasa. Nilijiambia kwamba ninamkinga. Ukweli ni kwamba niliogopa maswali yake.

Jumatatu redio ilitangaza kuwa walinda amani huko wamepigwa risasi. Hawakutaja majina. Mume wangu alikuwa hajapiga simu kwa wiki mbili. Nikatoa betri, nikamwambia Mumbua redio imeharibika.

Leo saa tano mwalimu wake akanipigia. Mumbua hakuwa amerudi darasani baada ya mapumziko.

Nilitoka mbio na ndala miguuni, mdogo wake Ndanu mgongoni. Sokoni hayuko. Kanisani hayuko. Baada ya saa nzima nikampata kwenye steji ya mabasi, ameketishwa ndani ya duka la Mama Hodan, muuza vitambaa.

"Alikuwa anauliza kila dereva basi ya Mombasa ni gani," Mama Hodan akaniambia polepole. "Nikaona akae hapa na mimi."

Mumbua hakunikimbilia.

"Mutua wa darasa letu amesema amesikia kwao nyumbani baba ameuawa Sudan. Nikamwambia baba yangu ako Mombasa. Nilikuwa naenda kumleta, ndio Mutua amwone."

Nilichuchumaa mbele yake.

"Baba hayuko Mombasa. Ako Sudan. Nilikudanganya."

"Amekufa?"

"Sijaambiwa hivyo. Lakini hajapiga simu, na mimi pia naogopa."

Nambari ya kambi yake nilikuwa nayo tangu Jumatatu, na sikuthubutu kuipiga. Nikaipiga pale pale, Mumbua amenishika mkono, sikio lake limebanwa kwenye simu pamoja na langu. Tulisikia karatasi zikifunuliwa. Tukangoja. Kisha mwanamume akasema walioumia si wa kikosi chetu, jina la mume wangu haliko kwenye orodha yao, na kule alikopelekwa simu hazishiki.

"Kwa hivyo ako mzima?" Mumbua akauliza.

Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Wamesema jina lake haliko kwa orodha. Hiyo tu ndiyo najua."

Akanitazama, akipima kama nimemaliza kusema.

Jioni, nikiwa jikoni, nimemsikia akimweleza Ndanu, ambaye hata kuongea hajajua vizuri: "Baba ako Sudan. Mama hajui atarudi lini. Akijua, atatuambia."

Hakuniuliza kabla ya kuahidi kwa jina langu.

Kesho simu ikilia na habari ikawa ile ninayoiogopa, nitaweza kumketisha na kumwambia?