Kwa Nini Nilipita Bariadi Bila Kufika Kwangu

Arusha, nyuma ya gereji

Mke wangu Minza,

Mwangaluka mayu. Mwanetu Kabula akusomee polepole na asiruke kitu. Mimi ni mzima, nakula, kifua kimeacha kukohoa. Nanyi huko Zagayu je? Goti lako limepoa? Mitamba ya kaka yako imezaa, au bado anajisifu tu?

Najua umeshaambiwa. Watu waliniona hospitali Bariadi, wakaniona tena juu ya gari la wazungu likielekea Maswa, na nyumbani sikufika. Najua wamekwambia pia nina mwanamke huku. Sina. Sikiliza ilivyokuwa.

Siku hizi Arusha kampuni za watalii ni nyingi, kila mwenye magari mawili anafungua yake. Hii ya kwetu kambi nzima inanitegemea mimi. Vijana wanafunga hema, upepo unalifungua. Nikifunga mimi halitikisiki. Safari hii tulikuwa na wazungu wawili, mume na mke, wazee kama sisi, tunatoka nao Serengeti kwenda Shinyanga. Nyuma ya gari tulivuta tela la kulala, nyumba ndogo ya bati yenye kitanda, jiko na tangi la maji. Dereva wetu Tumaini alikuwa ameshanipa ruhusa: tukifika Bariadi nije nilale kwangu, asubuhi anifuate.

Bariadi ikiwa karibu, tairi la kulia la tela likapasuka. Tulikuwa kwenye udongo wetu ule mweusi, mbele ya kituo cha kununulia pamba. Tumaini akaacha tela limefungwa kwenye gari, akavuta breki, akaweka mawe mbele na nyuma ya tairi zima. Akalegeza nati gurudumu likiwa bado chini. Hapo alifanya vizuri, sikumpinga. Kisha akasema, "Mzee, washushe wageni, halafu tafuta ubao wa kuweka chini ya jeki, na magogo ya kuegemeza."

Wageni walikuwa ndani ya tela, nikawaacha humo humo. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa kwetu. Mgeni wangu asimame juani barabarani, watu wapite wakimtazama? Nikawaambia kwa mikono wakae, mama mzungu akawasha jiko la chai. Magogo nayo sikutafuta. Pale kituoni kulikuwa na magunia ya pamba yameshindiliwa kwa miguu, magumu. Nikamwomba karani, binti mmoja wa ukoo wa Binza, anikopeshe mawili.

Akacheka. "Babu, hiyo ni pamba. Siyo jiwe."

"Nimeshindilia pamba kabla mama yako hajaolewa," nikamwambia. "Leta."

Tumaini alikuwa upande wa pili akihangaika na tairi la akiba. Nikasimamisha jeki chini ya ekseli, juu ya udongo hivyo hivyo, nikapandisha, nikasukumia magunia chini ya fremu, nikatoa gurudumu. Kazi safi. Watu wa kituoni walikuwa wanatazama, nami nikawa naeleza.

Minza, unajua mambo ya sasa. Wanunuzi wamekuwa wengi, wanagombania pamba, hakuna anayeipanga kwa madaraja ya ubora kama zamani. Basi watu wanaimwagia maji ipate uzito. Yale magunia yalikuwa yamelowa katikati. Mama mzungu aliposimama kuchukua vikombe, jeki ikazama upande mmoja, tela likakalia magunia, magunia yakashuka. Nikaona jeki inalala. Nikapeleka mkono kuishika.

Wapagazi wa kituo ndio walioinua tela kwa mabega, wanaume wanane, mkono wangu ukatoka. Tumaini akawashusha wazungu mwenyewe, akang'oa mlango wa stoo ya karani akaweka chini ya jeki, akaegemeza kwa magogo, hakuna mtu ndani, hakuna mkono chini. Dakika chache tairi likawa limefungwa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee, tela halijui heshima ya mgeni."

Hospitali wakanifunga vidole viwili. Kimoja kimepungua.

Hapa Kabula apunguze sauti. Tumaini aliniuliza, "Nikupeleke kwako? Muda upo." Jua lilikuwa bado juu. Nikamwambia hapana, twende. Siyo kwamba nilizuiwa. Mimi niliyekuambia Arusha nzima wananiita wakiwa na gurudumu gumu, nije kwako na mkono umefungwa kitambaa, mbele ya kaka yako, kwa sababu ya pamba? Nilishindwa. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Wakikuletea nyingine, wafukuze.

Nimeomba likizo, wamekubali. Nitakuja na basi kabla mvua hazijaanza. Kukamua siwezi tena vizuri, hilo uwe umelijua kabla hujaniona.

Nisalimie kaka yako mwenye mitamba. Mama mkwe kwa heshima zake. Dada yangu Ngolo, na mkwe wetu Masunga mwambie tela la trekta lake asiliegemeze kwa magunia.

Mimi mumeo,
Baba Kabula

Mwandiko msiucheke. Huu ni mkono wa kushoto, nimeandika siku nne, na bado namshinda kaka yako.