Tata ameyeyuka, Mama ameyeyuka, imebaki Mutoto

Élisabethville, Jumamosi. Asubuhi mvua, sasa jua kali, na miye niko na furaha kama muntu aliyeoa leo.

Kaye yangu, we daftari ya siri, sikia. Masomo niliacha darasa la ine, lakini nani mwingine katika hii cité, mutaa wetu wa wafanyakazi, amezaa jamaa nzima ya motere za roketi? Picha niliona ndani ya gazeti lililofungia mukate: motere haina magurudumu, inakunywa pombe kali pamoja na oksijeni, inatapika moto nyuma, inaenda mbele. Paka vile, hivyo tu.

Ya kwanza niliita Tata. Nikaitengeneza kwenye atelie ninapochomelea chuma. Ikanguruma, nikahesabu tatu, matako yake ikayeyuka. Ya pili, Mama, niliongeza unene. Ikafika tano. Ikayeyuka vilevile.

Bantu waliouliza niliwaambia ni kosa ya upepo. Hapa naandika ukweli: sikujua sababu.

Juzi Kapita Mulunda, mukubwa wetu wa atelie, akanisimamisha mbele ya wote. «We kijana, unamaliza oksijeni ya kazi. Ingine moja ikiyeyuka, unatoka. Utaenda kuchunga mbuzi ya babu yako kule Kasomeno.»

Nilicheka.

Jana nikaenda kwa Mama Mudogo Numbi, mudogo wa mama yangu, kuomba lutuku, ile pombe kali ya kukatazwa, chakula ya motere. (Kaye, polisi wakiuliza, ni dawa ya tumbo.) Alikuwa anapika. Mvuke unatoka kwenye chungu, unapita ndani ya bomba ya shaba, na bomba inapita ndani ya beseni ya maji. Nikagusa bomba: baridi!

«Mama Mudogo, juu ya nini haiungui?»

«Iungue namna gani, na maji inaizunguka? Na weye unajiita fundi!»

Motere yangu haina beseni, lakini iko na lutuku. Basi lutuku yenyewe izunguke motere kwanza, iipoze, kisha njo iungue.

Leo asubuhi Mutoto amezaliwa. Nilimuzungushia bomba ya shaba kama nyoka, nikamufunga juu ya kigari cha reli nyuma ya atelie. Kapita akakunja mikono.

Tatu. Tano. Kumi. Kigari kinatembea!

Nilikimbia nyuma yake nikipiga kelele mpaka kwenye tanki ya maji, pale lutuku ikaisha. Nikachungulia matako ya Mutoto. Nzima.

Kapita akagusa bomba, akanusa kidole. «Hii ni lutuku?»

«Ni dawa ya tumbo, Bwana Kapita.»

Akacheka! Sijaona meno yake tangu niingie kazi. «Jumatatu uje. Na huyo aliyekufundisha bomba, ni nani?»

Ningeweza kusema: ni akili yangu. Ilikuwa tayari kwenye ulimi.

«Mama yangu mudogo», nikasema. Atelie yote ikanicheka.

Wacheke. Ya ine nitaiita Numbi, na ile haitatembea kwenye reli, itapanda. Kesho ni misa. Kesho kutwa, chuma.