Boksi la Kahawia

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima tena. Molekuli ni ile ile, nilichobadilisha ni kikundi cha pembeni tu: florini, inayovuta elektroni, au methoksi, inayozitoa. Utando mwembamba wa methoksi niliopaka kwenye kioo umepitisha umeme mara elfu zaidi. Elfu! Profesa kaniita "mwanangu" mbele ya maabara nzima. Ijumaa anawaonyesha wafadhili. Wakiridhika, naendelea na shahada ya udaktari. Wasiporidhika, narudi nyumbani na begi langu. Mama kwenye simu: nile, nisijifanye mashine.

Jumatano, 5 Machi
Mungu wangu.
Fundi wa maabara — tunamwita Babu Glavu, havui glavu hata akiwa anasoma gazeti — kaniuliza liko wapi boksi lake la plastiki. Nikamwambia lile la kahawia natunzia sampuli za methoksi. Akacheka. Kahawia wapi! Lilikuwa jeupe, alikuwa anawekea iodini, ndiyo iliyolipaka rangi.
Mvuke wa iodini ukiingia kwenye utando unapora elektroni, yanabaki mashimo, yaani nafasi tupu zilipokuwa, umeme unapita humo unavyotaka. Na methoksi ndiyo rahisi kuporwa. Za florini zilikaa kwenye boksi jipya. Kwa hiyo ile elfu ni ya iodini, si ya methoksi.
Na nililiosha kwa sabuni! Mwaka wa nne wa kemia, naosha iodini kama sufuria.

Alhamisi, 6 Machi
Methoksi mpya, boksi jipya. Nimepima mara tatu. Inaizidi florini mara mbili tu. Mbili! Dada anasema niseme ukweli, njia ya mwongo ni fupi. Rahisi kwake, yeye anauza viatu.
Nimeenda kwa Profesa mara mbili. Kwanza alikuwa kwenye simu, anacheka. Mara ya pili mlango ulikuwa wazi, nikapitiliza kama naenda chooni.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne kasorobo. Nimejificha stoo, nimekalia ndoo. Wafadhili wameshafika. Profesa kaniagiza nilete "ile nzuri". Mfukoni nina vioo viwili, cha methoksi ya zamani na cha mpya. Cha zamani kimekoza rangi kidogo. Sikuona mapema, au sikutaka kuona.
Babu Glavu kagonga. Profesa amemwita aeleze sampuli zinavyotunzwa. Kaja na boksi la kahawia kwapani, kalifuta vumbi, maskini, anaona fahari. Mzee huyu hajui kudanganya, akiulizwa atasema lilikuwa la iodini. Kaniangalia usoni. Kisha akauliza: mjukuu wangu, nianze mimi au utaanza wewe?
Nimekitoa kioo kipya. Naanza mimi. Profesa anaita kutoka ndani —