Shauri la Don Ademar Olivera na Muziki Uliokwenda Hewani

CHAMA CHA REDIO YA RIDHAA, PASO CEBALLOS
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 13 Julai 2019
Mahali: Chumba cha mizigo, stesheni ya zamani ya reli
Muda: Kilitangazwa saa tisa alasiri. Kilianza Mwenyekiti alipopata kuni kavu.

WALIOHUDHURIA
Wáshington Larrosa – Mwenyekiti
Heber Techera – Katibu
Nelly Bentancor – Mweka Hazina, mwenye duka la mikate
Milton Sosa – Fundi wa mitambo
Ademar Olivera – Mwanachama (aliingia mwishoni mwa KUMB. NA. 34)
Élida Fros de Olivera – Mwanachama wa maisha (aliingia pamoja naye)

HAKUHUDHURIA
Dkt. Zulma Píriz, daktari wa mifugo – kwa udhuru. Ng'ombe wa watu alikuwa anazaa kwa shida.

KUMB. NA. 31/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao na kuwaomba wajumbe waseme kwa zamu, kama wanavyofanya hewani. Bw. Sosa alisema hewani kuna nafuu, maana mtu akikuchosha unampunguza sauti. Mwenyekiti alisema maneno hayo hayamo kwenye ajenda. Bi. Bentancor alizungusha kibuyu cha yerba, ile chai chungu ya huku kwetu, watu wakatulia.

KUMB. NA. 32/2019: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Jambo hili liliahirishwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kusomewa mjadala wa rangi ya mlango.

KUMB. NA. 33/2019: TUKIO LA JUMANNE
Mwenyekiti alitaka tukio lielezwe tangu mwanzo, ili mamlaka ya mawasiliano ikija kuuliza ikute maelezo kamili.

Kila siku jua linapochomoza wanachama hukutana kwenye masafa yetu kwa Mzunguko wa Asubuhi. Kila mtu huwa nyumbani kwake na yerba yake, nao husema mmoja baada ya mwingine: habari za magoti, mvua, wajukuu, kondoo waliopotea, na zaidi ya yote, nyimbo. Leseni inaruhusu kuzungumzia muziki, hairuhusu kuurusha. Kwa hiyo sisi wimbo huusimulia kwa maneno tu. Msimulizi hueleza kodiani inaingilia wapi na mwimbaji anavuta pumzi wapi, na wenzake hutambua ni wimbo gani. Hata mluzi hauruhusiwi. Tumeishi hivyo miaka mingi na hatujaona kasoro.

Jumanne Don Ademar alimaliza zamu yake kama kawaida: baridi imezidi, goti linauma, Élida hajambo, yuko jikoni, anawasalimu wote. Baada ya hapo masafa hayakuachiwa. Bw. Sosa alieleza kwamba Don Ademar hutumia pedeli ya mguu kufungulia maiki, ili mikono ibaki na kibuyu, na siku hiyo alilaza sanduku la kodiani juu ya pedeli. Aliye hewani hawezi kusikia wengine. Tulimwita, tukamwita tena, yeye hana habari. Simu ya nyumbani kwake huwa ameizima kwa kuwa mlio wake humtia mkewe hofu.

Kwanza alisikika akizungumza peke yake kuhusu wajumbe. Mwenyekiti aliomba maneno yale yasinukuliwe. Katibu alikubali, kisha akayanukuu, kwa kuwa kumbukumbu ni kumbukumbu: "Wáshington naye! Akisimulia wimbo wa milonga utadhani anasoma cheti cha chanjo ya ng'ombe."

Baadaye ilisikika sauti ya Doña Élida, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameisikia kwa miaka miwili. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akifungua Mzunguko. Aliuliza, "Wewe nani? Umeingiaje humu?"

Don Ademar alijibu, "Mimi mpiga kodiani, bibie. Mumeo kaniagiza nije nikupigie asubuhi asubuhi."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Katoka mara moja. Anarudi sasa hivi."

"Haya, piga. Lakini usikae sana. Hapendi kukuta wanaume ndani mwake."

"Mmoja tu, bibie, halafu nakwenda zangu."

Alipiga wimbo wa waltz, wa polepole. Ubeti wa pili ulimtoka, akababaika, na Doña Élida akauimba yeye, wote, bila kukosa neno. Halafu akamwambia, "Hapo umeharibu. Mume wangu haharibu hapo." Don Ademar akasema, "Kweli bibie, yeye ananishinda." Akaanza upya.

Katibu anaandika hapa kwamba yeye mwenyewe alilia. Hakuulizwa na mtu.

Mwenyekiti alimhoji Bw. Sosa, ambaye alikwenda hadi nyumba ya Don Ademar kwa pikipiki ili amjulishe, kwa nini alirudi bila kubisha hodi. Bw. Sosa alijibu, "Nilifika getini, mzee. Nikamkuta katikati ya wimbo. Wewe ungebisha?" Mwenyekiti alisema yeye angebisha. Bi. Bentancor alisema, "Ungebisha na nini, Wáshington, na moyo huo wa bati?" Mwenyekiti alitaka maneno hayo yafutwe. Hayakufutwa.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba masafa yakishikwa kwa bahati mbaya, kanuni inamtaka kila mwanachama azime redio yake. Aliuliza nani alizima, na wajumbe wote wakatazama jiko. Bi. Bentancor alimuuliza Mwenyekiti iwapo yeye mwenyewe alizima. Mwenyekiti alijibu kwamba swali hilo litakuja wakati wake.

KUMB. NA. 34/2019: IBARA YA TISA, NA NANI ALIYEPELEKA HABARI MJINI
Mwenyekiti alieleza kwamba Ibara ya Tisa ya katiba ya chama haina mwanya: aliyerusha muziki hufungiwa, awe amekusudia au hakukusudia. Alisema anajua anaonekana mkorofi. Aliwakumbusha wajumbe mwaka ule mwenzetu mmoja aliporusha wimbo wa kanivali kwa mzaha, chama kikanyang'anywa leseni, na majira yaleyale mto Yí ukafurika. Mitambo ilikuwepo na midomo imefungwa. Watu wa mtaa wa chini walikaa juu ya mapaa usiku kucha, na hapakuwa na wa kusema wako wapi. Mama yake Mwenyekiti alikuwa miongoni mwao, akatoka pale na homa ya mapafu ambayo hakupona. Mwenyekiti alisema, "Mimi sichukii muziki, jamani. Naogopa."

Bw. Sosa alimgeukia Bi. Bentancor. Alisema redio ya dukani kwake ilikuwa imefunguliwa sauti ya juu siku ile, na nusu ya mji ilikuwa kwenye foleni ya mikate. Mmoja wa hao alikutana na Don Ademar Jumatano akamwambia, "Leo hutuimbii, mpiga kodiani?" Ndivyo mzee alivyojua. Tangu Alhamisi akiitwa kwenye Mzunguko haitikii.

Bi. Bentancor alisema redio ile imekaa juu ya tanuri tangu enzi za baba yake na haijawahi kumdhuru mtu. Bw. Sosa akasema, "Mpaka Jumanne." Bi. Bentancor alisema alikuwa na unga hadi kwenye viwiko, angezimaje? Bw. Sosa alisema unga hauzibi masikio. Bi. Bentancor akasema kwa sauti ya chini kwamba angeweza kuizima, na kwamba hakutaka. Alisema watu wote dukani walikuwa wamevua kofia, na aliyemdhihaki mzee ni mjinga mmoja tu ambaye hatauziwa tena mkate.

Wakati huo mlango ulifunguliwa. Don Ademar aliingia amebeba mtambo wake wa redio umefungwa kwenye blanketi. Doña Élida alimfuata, amevaa hereni na koti lake zuri. Mwenyekiti aliinuka akampa Doña Élida kiti cha karibu na jiko.

KUMB. NA. 35/2019: MANENO YA DON ADEMAR
Don Ademar alikataa kukaa. Aliweka mtambo juu ya meza na kusema amekuja kuurudisha, kwa sababu ulinunuliwa na chama, na kwamba anajiuzulu. Aliomba radhi kwa kumleta Doña Élida, maana hana wa kumwachia.

Mahojiano yaliyofuata Katibu aliyaandika kama yalivyosemwa.

Don Ademar: "Mlisikia yote?"

Bw. Sosa: "Yote, mzee wangu."

Don Ademar: "Na ile ya cheti cha chanjo?"

Mwenyekiti: "Hiyo pia."

Don Ademar: "Ile sifuti."

Mwenyekiti alisema hakuombwa mtu aifute. Don Ademar alicheka kidogo, kisha uso ukambadilika. Alisema watu wanadhani anaona haya kwa sababu ya wimbo. Wimbo si kitu. Alisema kwamba miaka miwili amekaa mbele ya maiki kila asubuhi akituambia Élida anatusalimu, na Élida hajatusalimu hata siku moja. Hajui sisi ni nani. Hata yeye mumewe hamjui. Siku alipojitambulisha kuwa ni mumewe, Élida alipiga mayowe mpaka majirani wakaja, na tangu hapo yeye ameridhika kuwa mpiga kodiani. "Salamu zile nilizitunga mwenyewe nikiwa nakunywa yerba," alisema. "Kwa nini? Kwa sababu hapo kwenye Mzunguko peke yake ndipo nilipokuwa bado nina mke. Sasa mmejua. Nikisema 'Élida hajambo', nani ataniamini? Nitakaa pale niseme nini?"

Bi. Bentancor alisema, "Sema hivyo hivyo, Don Ademar. Sisi tuliitikia kila siku, na kuitikia kwetu hakukuwa kwa uongo."

Don Ademar alimshukuru na kusema uamuzi wake haubadiliki. Doña Élida alikuwa anaota moto. Alimuuliza Katibu kwa upole kama treni imechelewa sana, na Katibu akamwambia bado kidogo.

KUMB. NA. 36/2019: UAMUZI
Mwenyekiti alisimama. Alisema, akimtazama Bi. Bentancor, kwamba Jumanne hakuzima redio, alikaa nayo hadi yerba ikapoa mkononi. Kisha akavaa miwani na kusema kwamba hata hivyo sheria ni sheria. Alitamka kwamba kwa mujibu wa Ibara ya Tisa Don Ademar amefungiwa kusema hewani hadi mwisho wa mwezi, atasikiliza tu, na jina lake litaendelea kuitwa kila asubuhi. Aliongeza kwamba kwa mujibu wa Ibara ya Kumi na Nne, mwanachama aliye kwenye adhabu haruhusiwi kujiuzulu. Alimtaka Katibu athibitishe.

Katiba ya chama ina ibara kumi na mbili. Katibu alithibitisha.

Don Ademar alisema, "Wáshington, usinifanye mtoto. Katiba ile niliipiga taipu kwa vidole hivi. Hakuna ya kumi na nne."

Mwenyekiti alisema labda aliisahau. Don Ademar akasema, "Hata kuondoka mnaninyima?" Mwenyekiti alijibu, na sauti yake haikuwa ya kikao, "Ndiyo, bwana wee. Tunakunyima. Nani atanisema kuhusu milonga?"

Don Ademar alishikilia kwamba ana haki ya kupigiwa kura, na hili liko kweli kwenye Ibara ya Tano. Mwenyekiti hakuwa na njia nyingine. Aliuliza nani anakubali Don Ademar Olivera ajiuzulu. Don Ademar aliinua mkono wake mwenyewe, peke yake.

Kabla Mwenyekiti hajauliza nani anapinga, Doña Élida aliinua mkono karibu na jiko. Bw. Sosa alitaka kumshushia taratibu, Katibu akamzuia, kwa sababu mwanachama wa maisha ana haki ya kura na hakuna kikao kilichowahi kumvua haki hiyo. Mwenyekiti alimpa nafasi ya kusema.

Doña Élida alisimama. Alisema, "Mimi napinga. Sijui kawakosea nini huyu bwana, lakini ni mpole, na anapiga vizuri, japo anaharibu ubeti wa pili. Mkimfukuza, mume wangu nitamsubiri na nani?"

Mkono wa Don Ademar ulishuka. Wajumbe wengine wote walipinga. Ombi la kujiuzulu lilikataliwa.

KUMB. NA. 37/2019: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilichukuliwa kuwa kimefungwa saa kumi na moja kasorobo, Bw. Sosa alipouinua mtambo kuurudisha kwa mwenyewe. Don Ademar alimpa Doña Élida mkono, naye aliuliza kwanza kama mumewe hatachukia, akaambiwa hatachukia, ndipo akaushika.

Kwa kuwa tulikuwepo, tunatia saini:

Wáshington Larrosa, Mwenyekiti ........................

Heber Techera, Katibu ........................